Petroli ya Kufika Moshi

Daraja Mbili, Arusha
4 Februari 2024

Baba mdogo Solomoni,

Shikamoo. Msalimie sana mama mdogo Joyce. Naandika kwa sababu juzi nilipiga simu mara tatu, na mara zote tatu ulisema, "Sisikii mwanangu, andika," ukakata. Miaka arobaini ya kusikiliza injini imekula masikio yako, sawa. Naandika.

Huku tupo. Shule zimefunguliwa, nina darasa la watoto tisini na mbili na madawati thelathini. Mama yuko nami hapa Daraja Mbili tangu Novemba. Najua ulisikia kwamba alianguka shambani Ngaramtoni akikata majani ya ng'ombe, ila sidhani kama ulielewa ilivyokuwa. Aliumia uti wa mgongo. Alifanyiwa upasuaji Moshi, na sasa anatakiwa kurudi huko kila baada ya wiki mbili hadi Septemba. Hawezi kukaa kitako hata dakika kumi. Lazima alale chali safari nzima.

Ndiyo maana nimelitoa lile gari la marehemu baba, lenye kitanda na jiko ndani. Lilikaa chini ya turubai miaka sita. Nilinunua betri, nikabadilisha oili, likawaka. Mama analala kitandani nyuma, mimi naendesha. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Lakini linakunywa, baba mdogo. Kwenda Moshi na kurudi, lita hamsini na sita. Nimepima mwenyewe, mara mbili. Nyuma linatoa moshi mweusi mpaka watu wa Tengeru wanafunga madirisha. Baba alikuwa anakwenda na kurudi kwa lita thelathini na kitu, namkumbuka akijisifu. Kwa mshahara wa mwalimu siwezi kuendelea hivi, na teksi haina kitanda.

Wewe ndiye fundi wa familia. Nirekebishe nini kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa?

Ni mimi mwanao,
Nashipae


Tanga
19 Februari 2024

Mwanangu Nashipae,

Marahaba. Barua yako imefika. Huku joto halisemeki, tunalala mlango wazi. Mama yako mdogo Joyce anakusalimu. Kuku wake sita wameibiwa na anamshuku kila anayepita. Mpe pole sana mama yako, shemeji Naipanoi.

Kuhusu gari. Kwanza, toa chujio la hewa ulikung'ute, na kama limeziba tupa, weka jipya. Gari linalokosa hewa hunywa petroli. Pili, fungua plagi zote, zipige brashi ya waya. Tatu, jaza upepo matairi yote, maana gari lile ni zito na tairi laini hulivuta nyuma. Nne, shusha vitu usivyovihitaji: meza, mtungi wa gesi, zile sufuria.

Halafu ubavuni mwa kabureta kuna skrubu ndogo ya hewa. Washa gari, lipate moto vizuri. Kwa bisibisi, kaza skrubu polepole mpaka injini ianze kutetemeka, kisha legeza kidogo kidogo mpaka itulie. Ikitulia, acha hapo, usiongeze.

Kabureta yenyewe usiifungue. Usimruhusu mtu yeyote aifungue. Gasketi zake ni za zamani, zikichanika hutazipata.

Baba yako mdogo,
Solomoni


Daraja Mbili, Arusha
10 Machi 2024

Baba mdogo,

Shikamoo, na poleni na kuku.

Nimefanya yote. Chujio jipya. Plagi nimezipiga brashi mpaka vidole vimeota malengelenge. Upepo nimejaza. Meza nimeishusha, mtungi nimeushusha, mama akauliza kama tunahama. Skrubu nimeikaza na kuilegeza kama ulivyosema, na kweli likiwa limesimama linanguruma vizuri, jirani yangu alikuja kunipongeza.

Jumatano tumekwenda Moshi. Lita hamsini na nne.

Lita mbili, baba mdogo! Na nilipofungua plagi tena jana zilikuwa nyeusi kama sufuria ya makande. Hata mimi mwalimu wa hesabu naona kwamba petroli inayoingia ni nyingi kuliko hewa. Sasa naomba unijibu hili, maana mara ya kwanza ulilipita: zamani lilikuwa linakula lita thelathini na kitu. Nini kilibadilika? Najua baba alikuazima gari hilo mwaka 2017, likakaa kwako Tanga karibu miezi mitano. Je, lilipokuwa huko liliguswa popote?

Mama anaendelea. Jumatano daktari alimbana vidole vya mguu wa kushoto, naye mama akasema anahisi. Alicheka siku nzima.

Nashipae


Tanga
2 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Pasaka imepita salama, tumekula pilau kwa jirani. Mwizi wa kuku amepatikana, ni kicheche.

Nimefurahi kuhusu vidole vya shemeji.

Angalia waya wa choki. Ukikwama, choki hubaki imefunga nusu na gari linakula kama linawashwa asubuhi ya baridi. Angalia pia kama mfuniko wa tangi unafunga sawasawa, na kama bomba la petroli halivuji pale linapopita chini ya kitanda. Na wewe unaendesha kasi gani? Usizidi sitini. Mteremko wa kwenda Usa usikanyage mafuta kabisa, liache liende lenyewe. Ukiona lori mbele usilipite.

Kuhusu swali lako lingine, gari ni la zamani, na vitu vya zamani hubadilika.

Kabureta usiifungue.

Solomoni


Daraja Mbili, Arusha
14 Aprili 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Leo sina habari nyingi za kukupa.

Choki iko wazi. Mfuniko unafunga. Bomba halivuji. Naendesha sitini, malori yananipigia honi, mabasi yananipigia honi, juzi hata trekta lilinipita pale Maji ya Chai na dereva akanipungia mkono. Lita hamsini na tatu.

Mama amekosa kwenda Moshi mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa sina petroli, mara ya pili nilikuwa na ya kwenda tu. Nilipompeleka hatimaye, daktari aliniita pembeni. Alisema, "Mwalimu, mguu huu uko njiani kuamka. Ukimkosesha tena siwezi kukuahidi chochote." Nilirudi kwenye gari, mama akaniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia amesema tuendelee hivyo hivyo.

Nimekuuliza swali moja mara mbili, nawe unaniambia habari za kicheche. Nakuheshimu kama baba yangu, lakini nimechoka. Kuna fundi mmoja Levolosi, mzee Iqbal, anayejua magari ya kabureta tangu ujana wake. Jumamosi ya tarehe 27 anakuja kuifungua. Gasketi zikichanika zichanike.

Nashipae


Tanga
22 Aprili 2024

Nashipae,

Nampa barua hii kondakta wa basi ili iwahi. Usimruhusu huyo mzee afungue. Nisubiri. Nitakuja mwenyewe mwezi wa sita, nitaifanya kwa mikono yangu. Nakuomba.

Solomoni


Daraja Mbili, Arusha
5 Mei 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako kondakta aliisahau kwenye basi, ikafika Jumatatu ya tarehe 29. Jumamosi tulikuwa tumeshafungua.

Mzee Iqbal aliitandaza kabureta yote juu ya kanga yangu, kipande kimoja kimoja, akiwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Gasketi hazikuchanika. Alipofika kwenye jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupimia petroli, akasogea kwenye mwanga. Akakitoa, akakiinua juani, akachungulia. Akanipa na mimi nichungulie.

"Mwalimu," akasema, "hili tundu si la kiwandani. Limetobolewa kwa mkono. Ona lilivyo pana upande mmoja. Mtu alichukua keekee akalipanua."

Nikamuuliza kwa nini mtu afanye hivyo.

"Kwa huku juu hana sababu. Huku hewa ni nyepesi, jeti inatakiwa iwe ndogo. Labda alikuwa pwani. Pwani hewa ni nzito, gari lenye jeti ndogo huko linakohoa na kuchemka. Akaitoboa ili gari liende. Lakini alipaswa kurudisha jeti ndogo kabla ya kulipandisha Arusha. Fundi mzuri hasahau hilo."

Kisha akaniuliza kama gari hili limewahi kukaa pwani.

Nilimwambia sijui, baba mdogo. Nimemdanganya mzee wa watu kwa ajili yako.

Amegoma kuweka jeti ya kubahatisha, anasema ikizidi kuwa ndogo itaunguza injini. Kwa hiyo tumerudisha ile ile. Wanawake wa kanisani wametuchangia petroli ya safari mbili. Baada ya hapo sijui.

Ni wewe uliyeitoboa?

Nashipae


Daraja Mbili, Arusha
16 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Wiki sita. Kondakta anasema barua yangu aliikabidhi mkononi mwako, na kwamba uliifungua pale pale kituoni ukaisoma umesimama.

Mwezi wa sita umefika. Uko wapi?

Nashipae


Tanga
7 Julai 2024

Mwanangu Nashipae,

Marahaba. Mama yako mdogo Joyce anakusalimu, ndiye aliyenikalisha mezani leo.

Ni mimi.

Gari lilipofika Tanga lilikuwa linakosa nguvu, kama alivyosema huyo mzee. Nikatoboa jeti. Nilisema moyoni, siku ya kulirudisha nitanunua ndogo. Halafu baba yako Eliya akapiga simu ghafla kwamba kifua kinambana, anataka gari lake, maana kwenye basi hapati pumzi. Nikatafuta jeti Tanga nzima siku mbili, sikupata. Nikamrudishia lilivyo. Ningeweza kumwambia, "Kaka, sasa linakula mara mbili, weka petroli mara mbili." Sentensi moja tu. Nikaona haya. Nilikuwa nikimsema yeye kila siku kwamba anaharibu magari.

Wiki tatu baadaye mkampeleka Moshi. Nilikuwa hapa gereji mlipopiga simu, wakati huo nikisikia bado. Mkasema petroli iliwaishia njiani, baada ya Kikatiti. Mkasema mlikaa pale karibu saa mbili mkisubiri petroli, na kwamba mlipofika hospitalini walisema mmechelewa, ameshakufa.

Kwenye mazishi uliniuliza kwa nini silii. Sikujua nianzie wapi.

Mwezi uliofuata nikaipata jeti ndogo Dar es Salaam. Nimeiweka kwenye kopo la misumari tangu 2018. Kila mwaka nasema nitaipeleka, na kila nikifikiria kuifunga naona itabidi nieleze inatoka wapi. Ulipoandika Februari nilidhani skrubu na chujio vitapunguza kiasi cha kutosha, usiendelee kuuliza. Mimi ndiye niliyemkosesha shemeji zile safari mbili. Hilo nalijua.

Nilimchelewesha kaka yangu. Sijamwambia mtu hadi leo asubuhi, nilipomwambia mke wangu.

Solomoni


Daraja Mbili, Arusha
28 Julai 2024

Baba mdogo,

Shikamoo.

Nilipoisoma barua yako niliitupa chini. Nikaiokota, nikaitupa tena. Miezi mitano umeniacha nipige plagi brashi! Umeniacha nishushe meza! Jeti ilikuwa kwenye kopo la misumari, na basi la Arusha linapita mbele ya nyumba yako kila siku.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeshindwa, kwa sababu kuna jambo ambalo nami sijalisema.

Jioni ya kuamkia safari ile baba aliniita. Alikuwa anaongea kwa shida. Akanipa hela mkononi akasema, "Nenda ukajaze tangi. Lijae kabisa, gari siku hizi silielewi." Umesikia? Alishaona kuna tatizo. Nikaenda. Nikakuta foleni ndefu, na mimi nilikuwa na kikao cha harusi ya rafiki yangu. Nikaenda kwenye kikao. Nikasema asubuhi nitajaza. Asubuhi baba alikuwa hoi, nikaangalia geji nikaona robo, nikasema zamani robo inafika Moshi. Nikaondoa gari.

Hela yake ilikuwa bado kwenye pochi yangu tulipomzika. Nimewaacha watu wote waseme "petroli iliisha" kama vile mvua inavyonyesha, bila mtu. Mama hajui. Sijawahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo njoo. Lete hiyo jeti. Na ukishaifunga, tutakaa mbele ya mama sisi wawili, umwambie lako nimwambie langu. Usinitumie kwa basi. Njoo wewe.

Nashipae


Daraja Mbili
17 Agosti 2024, asubuhi

Nashipae,

Naiacha mezani, mmelala bado. Jeti imekaa vizuri, jana tulivyolijaribu hadi Ngaramtoni uliona mwenyewe, hakuna moshi. Nimekuwekea na gasketi mpya. Skrubu ya hewa usiiguse, hata kama jirani atakushauri.

Jana usiku shemeji alinikaribisha uji kutoka kitandani, akaniuliza kama masikio yanauma. Nilifungua mdomo mara mbili. Nimeshindwa, mwanangu. Basi langu ni la saa kumi na mbili.

Nisamehe.
Solomoni


Daraja Mbili, Arusha
1 Septemba 2024

Baba mdogo Solomoni,

Shikamoo, mkimbizi wewe. Mama mdogo Joyce apewe pole kwa kuolewa na mtu wa namna yako.

Niliposoma karatasi yako niliongea peke yangu jikoni mpaka jirani akabisha hodi. Niliapa sitakuandikia tena. Naandika kwa sababu mama ameniamuru, naye sasa anakaa kitini akiniangalia kama mwanafunzi anayefanya mtihani. Ndiyo, anakaa. Juzi alisimama kwa magongo akahesabu hadi ishirini. Daktari amesema safari zimebaki mbili tu.

Jumatano tulikwenda Moshi kwa gari lako ulilolitengeneza. Lita thelathini na tatu, kwenda na kurudi. Nilisimama kituo cha mafuta nikapima mara mbili, nikidhani nimekosea.

Wakati wa kurudi mama alisema amechoka kulala, tusimame kidogo apumue. Nikasimamisha gari kando ya barabara, nikaenda nyuma nikakaa sakafuni karibu na kitanda. Nikaona kama sisemi siku ile sitasema tena. Nikamwambia yote. Langu kwanza: hela, foleni, kikao cha harusi. Halafu lako, kwa sababu wewe ulikimbia. Nilikuwa nalia, sikumwangalia.

Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Petroli iliisha wapi?"

Nikamwambia, baada ya Kikatiti.

"Baba yako alifia Maji ya Chai."

Nilidhani sijasikia vizuri, maana Maji ya Chai tunaipita kabla ya kufika Kikatiti. Akarudia. Alisema tulipopita Tengeru baba aliuliza kama tumefika Usa, akamwambia bado kidogo. Tulipoingia Maji ya Chai alimkamata kidole, akavuta pumzi moja ndefu, na hakuvuta nyingine. Mama akamfumba macho. Akavuta pazia kati yao na mimi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshika usukani, na malori yamejaa. Ningekuambia ungetuua wote. Nikasema tufike kwanza."

"Na gari liliposimama? Nilikaa barabarani saa mbili, mama! Nilimpigia magoti dereva wa pikipiki anitafutie petroli!"

Akasema, "Nilikuona dirishani. Ulikuwa unampigania baba yako. Nikaogopa kukwambia hakuna tena wa kumpigania. Nami nilitaka kukaa naye. Hospitalini wangemchukua. Pale barabarani tulikuwa wawili tu, na mkono wake ulikuwa bado na joto."

Nikamuuliza kwa nini baadaye hakusema, miaka sita yote. Unajua alinijibu nini? Alisema hakuna aliyemuuliza. Alidhani wewe hulii kwa sababu ndivyo ulivyo, na mimi nilikataa kuligusa lile gari kwa sababu ya uchungu tu. Nilimfokea, baba mdogo. Mtu mgonjwa, amelala chali, nikamfokea kando ya barabara kuu. Naye akanifokea kwamba robo tangi kwa mgonjwa ni ujinga, na kwamba Solomoni angepigwa makofi kwa kutoboa kitu cha watu bila kusema. Halafu tukalia. Halafu akasema ana njaa, nikamkaangia mayai kwenye lile jiko, maana mtungi nilishaurudisha garini.

Petroli yako na yangu hazikumuua. Nimeiandika sentensi hiyo niisome mwenyewe pia, maana bado sijaizoea.

Sasa mama anasema niandike maneno yake kama anavyoyatamka, nisiongeze:

"Shemeji Solomoni. Nakuita urudi Arusha, na safari hii ulale siku saba. Siongei na wewe kwa barua. Utakaa hapa kando yangu, nitakuambia Eliya alivyokufa, tangu tulipotoka nyumbani mpaka mwisho, polepole na kwa sauti kubwa mpaka usikie. Wewe ni ndugu yake, na hukuwepo."

Nashipae